Wiki moja Milano, Ziwa Como na Lugano nje ya msimu: nipange vipi?

Pwani_Mchangani
Assalaam alaykum wanajamvi. Masika yakikaribia hoteli zetu huku zinapungua wageni, na likizo hutoka hapo. Nataka siku saba mimi na mke wangu: Milano, Ziwa Como, Ziwa Maggiore, na Lugano upande wa Uswisi, maana nako wanazungumza Kitaliana. Mwengine ananambia bora nihamishie Novemba, mwengine Machi. Je, viza moja inatosha kwa nchi zote mbili? Na chakula? Kitaliana cha kuulizia njia ninacho.

Kaskazi_79
Wa alaykum salaam. Chukua Machi, baada ya tarehe 20. Novemba vyumba vinashuka bei kweli, lakini utakwenda kuangalia mageti yaliyofungwa. Bustani za majumba ya Como na visiwa vya Borromeo kule Maggiore hufungwa mapema Novemba, na hufunguliwa katikati ya Machi. Hoteli nyingi za Bellagio, mji mdogo wa katikati ya Ziwa Como, hali kadhalika. Halafu Disemba jua linatua saa 11 kasorobo, na ziwani milima hulificha kabla ya hapo.

Kabla hujalipa nauli, angalia Pasaka inaangukia lini. Watu wa Milano humiminika maziwani, na Jumatatu yake ndiyo mbaya zaidi. Aprili kuna maonyesho makubwa ya samani Milano, vyumba mjini havishikiki. Na usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja. Wengi hukosa treni siku hiyo.

Maggiore iache. Stresa, mji wa kushukia kule Maggiore, iko kwenye reli nyengine. Kutoka Como itabidi urudi kwanza Milano. Ukitoa siku mbili za ndege umebakiwa na tano, usizimalizie stesheni.

Njia nzuri ni ya mzunguko. Toka Milano Centrale, stesheni kuu, hadi Varenna, kijiji cha ukingoni mwa Ziwa Como, saa moja na kidogo. Ubaoni hutaliona jina la Varenna: tafuta treni ya Tirano, ushuke Varenna-Esino. Kaa kushoto, ukishapita Lecco ziwa liko dirishani. Tiketi ya karatasi igonge mhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini na nauli umelipa.

Lala Varenna, si mji wa Como. Pantoni za katikati ya ziwa, Varenna, Bellagio, Menaggio, zinavusha mwaka mzima, lakini boti zinazotoka Como hupunguzwa sana nje ya msimu. Siku ya kuondoka vuka hadi Menaggio, kama robo saa tu, upande basi la Lugano, saa moja hivi. Usiiweke Jumapili, mabasi ni machache. Kutoka Lugano treni hadi Milano ni saa moja na robo. Ukipata nusu siku nenda Bellinzona: tangu njia ya chini ya mlima Ceneri ifunguliwe 2020, ni kama robo saa kwa treni, na ngome zake tatu zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO.

MtuWaChake
Viza moja inatosha, Uswisi imo Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, japo haimo Umoja wa Ulaya. Hata ya kuingia mara moja inakufaa, kwa kuwa Menaggio hadi Lugano haihesabiwi kutoka na kuingia tena. Linaloharibu ni hesabu ya siku: unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukiomba kwa Italia, basi hoteli ulizoziweka zionyeshe hivyo.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi ukikataliwa. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi na ifunike tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengi huikata pungufu ya siku moja kwa kusahau usiku wa ndege. Pasipoti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya kutoka Schengen. Maombi yanapokelewa tangu miezi sita kabla, mwisho siku 15 kabla. Barua ya mwajiri itaje tarehe za likizo na kwamba unarudi kazini. Na benki usimwage pesa kwa mkupuo wiki ya mwisho, inatia shaka.

Jiko_la_Mkunazini
Chakula: si nyama peke yake ya kuchunguza. Mikate bapa kama piadina mara nyingi, na focaccia mara nyengine, hutiwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe, na kwa macho huyajui. Uliza «c'è strutto?». Wali wa risotto hutiwa mvinyo mwanzoni, mchele unapokaangwa, kwa hiyo kusema «senza vino», bila mvinyo, kunafaa pale tu wanapoupika papo hapo. Penye haraka huwa umeshachemshwa nusu tangu asubuhi. Agiza samaki persico wa siagi peke yake, bila wali. Au missoltini, samaki wa ziwani waliotiwa chumvi, wakakaushwa na kugandamizwa, wanaliwa na polenta, ambayo ni ugali wa mahindi tu umebadilishwa nguo. Nyama ya halali utaipata kwa urahisi Milano. Nunua huko kabla ya kwenda Varenna.

Pwani_Mchangani
Ahsanteni sana. Mke wangu huvaa nikabu. Kuna tatizo?

MtuWaChake
Upande wa Uswisi, ndiyo. Jimbo la Ticino, lenye Lugano, lilipiga marufuku kufunika uso hadharani 2016, na tangu Januari 2025 ni sheria ya nchi nzima, faini inafika hadi faranga 1,000. Ushungi hauna neno. Kama hataki kufunua uso, ikate Lugano, urudi Milano kwa treni ile ile ya Varenna.

Kaskazi_79
Ukienda Lugano, zima data kabla ya mpaka. Laini nyingi za Italia hazihesabu Uswisi ndani ya kifurushi, na simu hushika mnara wa ng'ambo hata ukiwa bado upande wa Italia. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii popote kule. Chukua adapta ya pini mbili nyembamba za mviringo, hiyo inaingia nchi zote mbili.