MOTS-c: nichome sindano au nikimbie tu?

Mkimbiaji wa Moshi: Wakuu, najiandaa na nusu marathoni. Jamaa wa gym ananiuzia kichupa cha unga mweupe, eti MOTS-c, peptidi ya mitokondria. Nichanganye na maji, nijichome tumboni, pumzi iongezeke na sukari ishuke. Nina miaka 47 na sukari iko juu kidogo. Nani anaijua?

Dada Maabara: Mkuu, peptidi yenyewe ipo kweli, na mimi inanivutia sana. Ni mnyororo wa amino asidi (vijenzi vya protini) 16 tu, na maelekezo ya kuutengeneza yamo kwenye DNA ya mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), si ya kiini cha seli. Changhan Lee, Pinchas Cohen na wenzao huko Marekani waliitangaza 2015. Inaamsha AMPK, kimeng'enya kinachosimamia nishati ya seli, na msuli unavuta glukosi zaidi. Mwaka 2021 wakaonyesha kwamba panya wazee waliochomwa sindano yake walikimbia zaidi. Ila utafiti huohuo ulipima vijana walioendesha baiskeli ya mazoezi, bila sindano yoyote: kwenye misuli yao ilipanda karibu mara 12! Mwili unaitengeneza wenyewe ukiutoa jasho.

Kocha Mstaafu: WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wameipiga marufuku kwa jina. Hicho kichupa kina lebo gani?

Mkimbiaji wa Moshi: Kibandiko tu: "kwa utafiti, si kwa binadamu".

Dada Maabara: Basi mrudishie leo hii, kaka yangu. Halafu kapime HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache), umwoneshe daktari majibu kabla hujaongeza kilomita.