Naomba ushauri: mabakuli ya udongo yanayopasuka glezi na kutoa chumvi

Ndugu wataalamu, nawasalimu. Nina mabakuli ya udongo yaliyopakwa glezi (tabaka jembamba linalong'aa juu ya chombo), ambayo yamekaa kabatini miaka mingi na sasa yamejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, huku karibu na kitako chembe nyeupe zikiisukuma glezi hadi inabanduka.

Ninavyoelewa, udongo uliochomwa kwa nyuzi 1,000 hivi hubaki na vitundu, tofauti na kaure inayochomwa hadi nyuzi 1,300 au zaidi, na kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, hutanuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Glezi, ambayo ni aina ya kioo, haitanuki nao, hivyo huvutwa mpaka ikapasuka. Nyufa hizo nimezikubali, tena zina uzuri wake. Kinachonitia wasiwasi ni chumvi, ambayo huyeyuka hewa ikiwa na unyevu na kugeuka tena fuwele hewa ikikauka, ikizidi kuubomoa udongo kutoka ndani.

Nimeshauriwa niyaloweke mabakuli katika maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi, nikiyabadilisha maji hayo mara kwa mara ili chumvi itoke, lakini nahofia udongo usioiva vizuri utalainika na glezi iliyolegea itatoka yote. Dawa ya kung'arisha nguo nimeikataa, maana nayo huacha chumvi. Je, niyaloweke, au nidhibiti tu unyevu wa kabati? Na vipande vilivyokwisha kubanduka nivirudishie kwa gundi gani inayoweza kuondolewa baadaye bila kukidhuru chombo?