Nimefupisha sentensi kwenye muhtasari wa kikoba, sasa mtu anadai laki

Katibu wa Kikoba, Tanga
Wakuu habari za jioni. Kikoba chetu ni cha akina mama 22, na kila Jumamosi muhtasari naandika mimi. Zamani niliandika hivi: "Mwenyekiti alinunua hisa tano. Mweka hazina alinunua hisa tatu. Katibu alinunua hisa mbili." Alinunua, alinunua, mpaka ukurasa unaisha. Binti yangu wa kidato cha tatu akanicheka, akasema unganisha, kitenzi kitaje mara moja: "Mwenyekiti alinunua hisa tano, mweka hazina tatu, katibu mbili." Nikapenda. Wino nao ni hela.

Balaa limekuja juzi. Niliandika: "Kikundi kilimkopesha Mama Salma laki mbili, Mama Hadija laki moja." (Majina si yao.) Kuja kusomwa, Mama Hadija huyo kasimama: "Kumbe nami nimemkopesha? Basi anirudishie laki yangu!" Tulicheka hadi chai ikapoa, ila mweka hazina hakucheka. Nimekosea wapi?

Mwalimu Mstaafu
Katibu, kudondosha kitenzi si kosa, umedondosha pasipofaa. Kwenye hisa wote ni wanunuzi, kwa hiyo msomaji anajirudishia "alinunua" mwenyewe. Kwenye mkopo, jina tupu likija baada ya koma, msomaji hulipatia kiti cha mtenda. Kilichokuwa kinaonyesha nani kakopeshwa ni ile -m- ya "kilimkopesha", nayo imeondoka na kitenzi chake. Tumia kauli ya kutendwa, wakopaji waje mbele: "Mama Salma alikopeshwa laki mbili, Mama Hadija laki moja." Hapo hata ukitaka kumsingizia huwezi.

Na usiogope kuacha hata nomino. "Mwenyekiti alileta viti vitano, katibu vitatu." Hiyo vi- inatosha, hakuna atakayedhani umeleta sufuria.

Mhariri wa Usiku
Chunga na hiyo "na". "Juma alinunua maziwa na Asha mkate": msomaji akifika "na Asha" ameshawapeleka dukani pamoja. Weka koma, au "naye Asha mkate". Ukanushi ndio mbaya zaidi. "Baba hali samaki, mama nyama." Haya, mama anakula nyama au hali? Mimi hapo narudia kitenzi bila aibu.

Mpita Njia
Wahenga walishafupisha kitambo. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Zile siku mbili za mwanzo kitenzi kiko wapi? Kinakula wali 😂

Katibu wa Kikoba, Tanga
Mwalimu shikamoo, na ahsante. Nimeandika upya kwa "alikopeshwa". Mama Hadija kasoma mara mbili, katia sahihi, halafu kaniinamia sikioni: "Kwa hiyo ile laki niliyomkopesha Mama Salma ndiyo imepotea?"