Safari ya siku moja Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana: tuondoke saa ngapi na petroli kiasi gani?

Mpanga_Ratiba
Habari wakuu. Tuko watu 8 pamoja na nahodha, boti ya faiba ya mita 7, mashine ya 40 hp tustroki (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli). Mpango ni kulala Eliye Springs, ufukwe wa magharibi, kung'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka, kuona maziwa matatu ya kreta pale Kisiwa cha Kati, kisha kuvuka hadi Koobi Fora na kurudi kabla ya giza. Petroli tumepanga lita 60. Kuna lolote la kurekebisha?

Upepo_wa_Kulal
Ndugu, rekebisha saa kwanza. Kwenye maziwa mengi asubuhi ndiyo shwari, ila Turkana ni kinyume. Upepo wa kusini-mashariki unaopita kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia hupata nguvu usiku na kufika kileleni alfajiri, halafu hulegea jua likishapanda. Ukiondoka saa kumi na mbili unaingia ziwani wakati mbaya kuliko wote.

Simama ufukweni saa nne. Kama maji bado yana povu jeupe kila mahali, subiri. Yakibaki mistari michache tu, pakia. Kwa kawaida ondoka saa tano hivi, na jiwekee kikomo: ikifika saa sita na nusu bado panachafuka, safari ya siku hiyo imekwisha. Usiisogeze mbele, kwa sababu utakuja kurudi gizani kupitia nyavu na miti iliyozama.

Koobi Fora iondoe kabisa. Kutoka kisiwani ni karibu kilomita 50 nyingine kuelekea kaskazini, na kurudi ni kuukabili upepo njia nzima. Hiyo ni safari ya kulala.

Fundi_Mashine
Lita 60 hazitoshi, na hesabu yenyewe ni hii. Eliye hadi kisiwani ni takriban kilomita 30, karibu kaskazini moja kwa moja. Kwenda, upepo unakusukuma kutoka nyuma: boti iliyobeba watu 8 ikienda kilomita 20 kwa saa ni saa moja na nusu. Kurudi unaupiga upepo kifua, mwendo unashuka hadi kilomita 12 kwa saa, yaani saa mbili na nusu. Jumla saa 4. Mashine hiyo ikiwa na mzigo, weka lita 15 kwa saa. Ukiminya hadi mwisho inakaribia 20. Saa 4 mara 15 ni lita 60, bila akiba yoyote. Akiba iwe theluthi ya mafuta yote, kwa hiyo beba lita 90.

Kosa la wengi ni kupima matumizi ya kwenda na kuyazidisha mara mbili. Ukianzia Eliye, nusu ya kwanza ndiyo rahisi, kwa hiyo inakudanganya.

Oili kwa 50:1 (sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili) ni mililita 400 kwa kila mtungi wa lita 20, changanya nchi kavu na uchuje kwa kitambaa safi, maana vumbi la huko huziba kabureta. Beba plagi mbili mpya na spana yake, kamba ya kuwashia, propela ya akiba pamoja na nati na pini yake, na kisu kikali. Kisu ni cha nyavu: zikijizungusha kwenye propela, zima, nyanyua mashine, kata ukiwa ndani ya boti. Usishuke majini, mamba ni wengi sana.

Longech_Ufukweni
Nyongeza kuhusu pa kuanzia. Kutoka upande wa Kalokol, mji ulio kaskazini ya Eliye kwenye ufukwe huohuo wa magharibi, ukishapita ulimi wa mchanga wa Longech, umbali ni takriban nusu ya ule wa Eliye, na upepo unakuja ubavuni badala ya usoni. Kwa boti yenye watu 8 mimi ningechagua huko. Ubaya wake ni Ghuba ya Ferguson: maji yalipopanda yalimeza vichaka vya mathenge na mikoche, na visiki viko chini kidogo tu ya uso wa maji. Pita polepole, mtu mmoja akae mbele akiangalia.

Mambo mengine: mizigo mizito na mitungi iwekwe katikati kuelekea nyuma. Wimbi la Turkana ni fupi na kali. Lipande kwa mshazari, na likija kutoka nyuma usiache boti igeuke ubavu. Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni. Mwombe mwenye boti cheti cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya kabla ya kulipa. Ada ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) lipeni kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, mkiwa bado mna mtandao, na mhifadhi risiti kwenye simu.

Maji ya kunywa, lita 5 kwa kila mtu. Ya ziwa yana magadi, si ya kutegemea. Pale kisiwani funga boti upande wa magharibi, nanga nyuma na kamba mbele, mbali na miamba mikali ya volkano. Viatu vya soli ngumu ni lazima.

Mpanga_Ratiba
Nashukuru sana wakuu. Tumehamia Kalokol, Koobi Fora imefutwa. Mashine ikizima katikati, tutasukumwa wapi?

Upepo_wa_Kulal
Kaskazini-magharibi, kwa hiyo mtu wa nchi kavu aanze kuwatafuta ufukwe wa magharibi, kaskazini ya Kalokol. Mwachieni muda maalumu: kama hamjaonekana saa kumi na moja jioni, atoe boti, kwa kuwa jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Nyinyi fungeni ndoo mbili kwenye kamba ndefu mzishushe kutoka mbele ya boti; zitaikokota boti itazame wimbi na kupunguza mwendo wa kupeperushwa. Na makasia mawili yawe ndani, si moja.