Mama ana miaka 74 na goti bovu, anataka kuuona Mji Mkongwe. Nimpitishe wapi?

Binti wa Mpwapwa

Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri kwa wanaoijua Unguja, hasa wenye wazee nyumbani.

Mama yangu ana miaka 74. Tunaishi Dodoma lakini kwao ni Mpwapwa. Hajawahi kupanda boti. Bibi yake alikuwa akimsimulia aliyoyasikia kwa wazazi wake, habari za misafara iliyopita Mpwapwa kuelekea pwani, watu wamefungwa minyororo. Na tangu utoto anasikia kwamba kule Unguja, palipokuwa soko la watumwa, sasa pana kanisa. Yeye ni Mwanglikana, yumo Umoja wa Akina Mama, na mwaka huu kaniambia wazi: "Nipeleke nikalione kanisa lile nikiwa bado natembea."

Goti lake la kulia limelika, anatumia fimbo, ngazi anapanda moja moja kwa kupumzika. Ana presha na sukari. Masikio nayo yamepungua. Tumepanga mwezi wa nane, siku tatu. Tutashuka Dar kwa treni ya SGR, tulale kwa mdogo wangu, kesho yake tuvuke.

Je, boti ataimudu? Vichochoroni magari hayaingii, atatembeaje? Na tuone nini, tuache nini?

Kijana wa Tabata

Siku tatu zinatosha kabisa dada. Ya kwanza Mji Mkongwe wote: kanisa, Ngome Kongwe, jioni bustani ya Forodhani. Ya pili asubuhi kisiwa cha Changuu mkaone kobe, mchana mashamba ya viungo. Ya tatu msitu wa Jozani kuwaona kima punju, jioni mnarudi. Sisi tulifanya hivyo na kila kitu tulikiona.

Mwalimu Mstaafu, Vuga

Binti, nifikishie shikamoo kwa mama, ni dada yangu mkubwa huyo. Mimi nina miaka 68, nimezaliwa Mji Mkongwe na mpaka leo nakaa hapa hapa. Nyonga ya kushoto inanisumbua tangu nilipoanguka, kwa hivyo haya nnayokwambia nayaishi kila siku.

Mwanangu wa Tabata kasema kwa nia njema, lakini ratiba ile ni ya vijana. Ya mama ipange kwa mahali pa kukaa. Kwanza jua atakaa wapi, halafu ndiyo uangalie katikati yake pana nini cha kuona.

Nakupa mfano. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja kutoka Maskati akiwa na miaka 80. Alikuwa hajaiona Unguja tangu ujana wake. Jamaa wakamkodia mtembezaji wa wageni, akamzungusha mahali kumi na moja kwa saa tatu, kila mahali picha na kuondoka. Usiku nilimvua soksi mwenyewe. Vifundo vimevimba, lastiki imeacha mfereji kwenye nyama. Nikimuuliza kaona nini, anachanganya. Siku ya pili nikamchukua mimi. Gari ikatuacha Malindi, tukatembea nyumba nne, tukakaa barazani, tukatembea nyumba nne nyengine. Asubuhi nzima tulikwenda mahali pamoja tu, nyumba aliyozaliwa. Akakaa kwenye baraza yake, akawa anapitisha kidole kwenye njumu za shaba za mlango, moja, mbili, tatu, kama alivyokuwa akizihesabu utotoni. Mwenye nyumba wa sasa akatoka na dele la kahawa. Mpaka anarudi Maskati alikuwa anaisimulia asubuhi ile.

Kwa hivyo zijue baraza. Ni ule ukingo wa mawe na chokaa uliojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kwa kukalia. Mji mzima umejaa. Ni za watu, lakini mtu mzima akitoa salamu na kusema "naomba nipumzike kidogo" hapana atakayemkatalia. Mara nyingi ataletewa na maji. Mama asione haya.

Sasa kanisa. Msianzie Forodhani mkakatiza mji kwa miguu kama wanavyofanya wengi. Chukueni teksi ipite Darajani iingie kwa upande wa Mkunazini, mtashushwa karibu. Nendeni asubuhi mapema kabla makundi ya wageni hayajajaa. Pale kuna vyumba vya chini ambako wageni huoneshwa jinsi watumwa walivyofungiwa. Ngazi zake ni za kuteremka, dari iko chini mpaka uiname, na ndani mna joto. Kwa goti hilo na presha, asiteremke. Ingia wewe, umsimulie. Nje uani kuna shimo lenye sanamu za watumwa watano, na minyororo shingoni. Hilo analiona akiwa amesimama juu, chini pako sawa.

Ndani ya kanisa ndipo mpe muda. Soko lilifungwa 1873 na ujenzi ukaanza mwaka huo huo. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe limezungukwa na nyekundu, ndipo inaposemwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo, alifariki 1882 na kazikwa nyuma ya madhabahu. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Na mwambie mama aziangalie nguzo za upande wa nyuma, zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa mafundi walizipindua askofu akiwa safarini. Vyote hivyo ataviona akiwa amekaa kitini.

Siku hiyo msifanye jengine. Mrudi, ale, alale.

Siku ya pili jioni ndiyo Forodhani. Teksi inafika mpaka pale. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash 1883, sehemu yake ilianguka Disemba 2020, kwa hivyo litazameni kutoka bustanini chini ya mti. Ngome Kongwe iko pale pale, ndani ni uwanja wa majani na pa kukaa papo. Likishazama jua vyakula vinapangwa. Samaki wa kuchoma na urojo sawa, juisi ya miwa mwenye sukari aionje tu. Elewaneni bei kabla hawajatia kwenye sahani. Na mwende na tochi, kuna vidaraja vya ngazi visivyoonekana usiku.

Jambo linalosahauliwa ni chumba. Nyumba zetu nyingi zilizofanywa hoteli ni ghorofa tatu, ngazi za mbao zimesimama wima, lifti hakuna. Kabla hujalipa piga simu uulize: kuna chumba cha chini? Kizingiti cha mlango kina urefu gani? Choo ni cha kukaa? Na kitanda! Samadari za kizamani ni ndefu mpaka hupandwa kwa kigoda. Mzee akiamka usiku kwenda chooni, anaanguka. Omba kitanda cha kawaida.

Njiani mpitishe upande wa ukutani, wewe uwe upande wa nje. Vespa na baiskeli zinapita vichochoroni, na mahamali wa rikwama, mikokoteni ya mizigo, hupiga kelele "Simile! Simile!" wapishwe. Mama hatasikia. Avae viatu vya raba vyenye kufunga nyuma, malapa hapana, mawe yetu yamelainika na yakipata maji yanateleza.

Binti wa Mpwapwa

Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea mama yote, kaniambia nikusalimie sana. Hoteli niliyokuwa nimeshaichagua nimepiga simu, chumba ni ghorofa ya pili na hakuna lifti. Nimebadilisha. Sasa kashikilia kobe. Tumpeleke Changuu?

Baharia wa Mtoni

Dada, nimeendesha mashua za Changuu miaka tisa. Kobe wapo, asili yao Shelisheli, wakubwa kweli. Tatizo ni kupanda. Pwani hakuna ngazi, unaingia majini mpaka gotini kisha unanyanyua mguu kuvuka ubavu wa mashua, na mashua haitulii. Kushuka kule, maji yakiwa yamekupwa, ni hivyo hivyo. Nimewahi kuwabeba wazee mgongoni, na kila mara moyo wangu ulikuwa juu. Mwezi wa nane kuna upepo wa kusi, mawimbi yapo. Kwa goti hilo mimi mwenyewe ningekataa pesa yako.

Kuhusu boti kubwa za kutoka Dar, chukueni ya kwanza ya asubuhi, bahari inakuwa nyepesi. Mkae chini, katikati kuelekea nyuma, sio mbele. Ale kitu kikavu kabla. Kidonge cha kichefuchefu amuulize kwanza daktari wake kwa sababu ya dawa za presha. Kitambulisho msisahau. Daraja la kupandia linatikisika, fimbo mkono mmoja na wewe mkono wa pili, mizigo mpe mchukuzi.

Mwalimu Mstaafu, Vuga

Msikilize baharia. Dawa za mama zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, zisiende na mizigo. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu kwa gari ikiwa lolote litatokea. Na siku ya kanisa mkitoka, njooni kwangu, chai ipo na baraza yangu ina kivuli mpaka adhuhuri. Nitakuandikia faraghani njia ya kufika.

Binti wa Mpwapwa

Tumerudi juzi. Kanisani mama alikaa kiti cha mbele karibu saa nzima. Lile duara hakulikanyaga, alilizunguka kwa fimbo yake taratibu, kisha akataja majina ya ukoo wao, mengine sijawahi kuyasikia. Nimeyaandika. Kwa Mwalimu tulikaa mpaka adhana, wamebadilishana namba na wanapigiana kila siku. Zabibu za Dodoma mama alizomchukulia Mwalimu zilifika nusu zimepondeka, akazipokea hivyo hivyo.

Kosa letu lilikuwa moja. Kwenda tulichukua boti ya asubuhi kama tulivyoambiwa, kurudi nikakata ya jioni ili tupate muda zaidi. Upepo ulikuwa mkali, mama akatapika mara mbili na dawa yake ya jioni ikatoka yote. Mwenye mzee mwezi wa nane, akate ya asubuhi kwenda na kurudi.