Madaftari 112 ya S.1: mnasahihishaje Kiswahili bila kukesha?

Mwl_Mukono:
Walimu, habari za jioni. Mkondo wangu wa S.1 (mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Uganda) una wanafunzi 112, vipindi vya dakika 40. Daftari moja nikilipa dakika 3, zoezi moja linakula saa 5 na nusu, na hapo S.2 bado hawajaguswa. Wenzangu ofisini wananiambia nipige vema tu na kutia sahihi. Mkuu wa taaluma naye anapitia madaftari kila mwezi. Wenye madarasa kama haya mnafanyaje?

Chaki_Jinja:
Pole kwa kazi, Mwalimu. Usikusanye yote. Gawa darasa makundi manne ya 28, kwa kufuata namba za rejista. Zoezi la kwanza sahihisha kundi A kikamilifu, la pili B, na kuendelea. 28 kwa dakika 3 ni saa 1 na dakika 24, kazi ya takriban vipindi viwili ulivyo huru. Usitangaze zamu mapema, la sivyo kundi ambalo halijafikiwa litaandika ovyo. Taja kundi kengele ikishalia.

Waliobaki wabadilishane madaftari, majibu yakiwa ubaoni. Hapa ndipo mambo huharibika: ukiwaacha wabadilishane na jirani wa dawati, kila mtu anapata 10/10. Madaftari ya safu ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, anayesahihisha atumie penseli na aandike namba yake chini ya alama. Kisha chomoa matano uyapitie mwenyewe. Wakijua kuna namba, upendeleo unapungua sana.

Jingine dogo lenye faida kubwa: daftari liletwe likiwa wazi kwenye ukurasa wa zoezi, moja ndani ya jingine, kwa mpangilio wa namba. Kutafuta ukurasa peke yake hula nusu dakika, na alama unazijaza kwenye orodha moja kwa moja bila kuwinda majina.

Mwl_wa_Gulu:
Nakubaliana na Chaki kwa mazoezi ya kujaza nafasi na wingi/umoja. Kwa utungaji, hapana. Mtoto wa S.1 hawezi kusahihisha insha ya mwenzake. Atapigia mstari neno lililo sahihi na kuacha kosa. Insha ziwe fupi, sentensi 6 hadi 8, na uzisahihishe mwenyewe.

Pia msichanganye zoezi la kila siku na kazi za mwisho wa mada. Katika mtaala huu ulioanza 2020, alama za shule ni asilimia 20 ya UCE (cheti cha mwisho wa S.4) na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, ni 80. Kazi inayoingia kwenye ile 20 haisahihishwi kwa penseli ya mwanafunzi, hata darasa liwe la 200. Lakini hizo ni chache kwa muhula. Ukipunguza mzigo wa mazoezi kama alivyosema Chaki, muda wake unapatikana.

Ngeli_Mbarara:
Mimi naongezea alama za pembeni. Usiandike jibu sahihi juu ya kosa, kwani mwanafunzi halisomi na wewe umechoka bure. Andika herufi pambizoni, yeye arekebishe chini ya zoezi. Zinatosha tatu: R kwa l/r, M kwa kiambishi, P kwa upatanisho. Zibandike ukutani kwenye karatasi ya manila.

Makosa yenyewe yanatabirika kwa lugha ya nyumbani. Waliozoea Luganda huandika r baada ya e na i, kwingine l. Kwa hiyo utaona "habali", "balua", halafu "kirima" kwa kilima. Wa Runyankore-Rukiga hawana l katika maandishi yao, wanakupa "mwarimu". Wote hao huandika "mutu", "mutoto". Waacholi na Walango ngeli kwao ni kitu kipya kabisa, basi "kitabu yangu" itakufuata hadi muhula wa tatu. Ukiona kosa moja kwenye madaftari kumi, acha kuliandika. Lifundishe dakika 5 mwanzoni mwa kipindi kinachofuata.

Mwl_Mukono:
Asanteni sana. Makundi naanza Jumatatu. Na mkuu wa taaluma akiuliza kwa nini zoezi fulani halina wino mwekundu?

Chaki_Jinja:
Mpelekee ratiba ya zamu kabla hajakagua, ibandikwe ndani ya azimio la kazi: tarehe, zoezi, kundi. Anachotafuta ni ushahidi kwamba kila mtoto anafikiwa. Na usiache madaftari juu ya meza ya ofisi. Tafuta katoni nne, uziandike A, B, C, D. Yakichanganyika na ya Hisabati, utalipa wewe.