Tupeane uzoefu: virusi vya flash na usalama wa mafaili yetu steshenari

Wakuu, salaam. Nina steshenari karibu na chuo, Morogoro, na msimu huu wa ripoti za field flash zinapita kwangu kutwa nzima. Juzi kaja binti analia: mafolda yote yamegeuka shortcut, ripoti haionekani. Alikotoka walishamwambia aifomati.

Jamani, tusiwafanyie watu hivyo! Kirusi cha aina hii mara nyingi hakifuti kitu. Kinaficha mafolda halisi na kuweka shortcut zenye majina yaleyale, ukibofya tu ndiyo umekiamsha. Niliskani kwanza, nikafungua CMD (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) nikaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (F ni herufi ya flash yake). Amri hiyo huondoa ule ufichaji, kila kitu kikarudi.

Nanyi leteni yaliyowakuta.

Mdau, Mwanza: Asante mkuu, ila kuna vinavyofunga mafaili kabisa, hapo attrib haisaidii. Ofisi tuliyokuwa tunaitengenezea kompyuta ilikuta mafaili yote yamebadilika majina, na ujumbe wa kudai bitcoin. Backup walikuwa nayo, lakini external (diski ya nje) ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo ikafungwa. Kilichowaokoa ni nakala ya zamani aliyokuwa nayo mhasibu nyumbani. Na tusidharau update: WannaCry, kirusi cha aina hiyohiyo cha kufunga mafaili na kudai hela, cha Mei 2017, ilipenya kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi mwaka huohuo. Waliosasisha mapema walisalimika.

Mdau, Dodoma: Mdogo wangu alifungua WhatsApp Web steshenari ili achapishe kitambulisho, akaondoka bila kutoka. Jioni ndugu wanaombwa hela kwa namba yake. Tuliingia kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ile kompyuta bado ipo, tukaiondoa palepale. Shangazi alikuwa ameshatuma.

Mdau, Mombasa: Huku kwetu Kenya steshenari za hivyo tunaziita cyber. Watu wanafunguliwa akaunti ya KRA (mamlaka ya kodi) kwa barua pepe na nywila ya mhudumu. Mwaka ukifika wa kujaza returns za kodi, mzee hawezi kuingia mpaka amtafute kijana aliyeshahama mji. Nimewasaidia wengi kubadilisha, na inaniuma kwa sababu ni wazee waliomwamini mtu.

Mleta mada: Hilo la Mombasa lipo hata kwetu, kwenye maombi ya mikopo ya chuo. Mimi mteja anaandika nywila mwenyewe, kwenye daftari lake. Na kila jioni nafuta Downloads na Desktop, kisha Recycle Bin, maana vyeti vya watu hubaki humo.

Mdau, Tabora: Mkuu, flash yangu nikiichomeka inadai niifomati. Ina picha za msiba wa baba.

Mleta mada: Pole sana. Usikubali, bonyeza Cancel, na usiandike chochote humo. Jaribu kompyuta nyingine na tundu lingine la USB. Ikigoma, zipo programu za kurejesha mafaili, Recuva na PhotoRec. Zinachofufua hifadhi kwenye diski nyingine, siyo humohumo. Niambie inasoma GB ngapi.

Mdau, Tabora: Inasoma 16 zote.

Mleta mada: Basi kuna matumaini. Anza na PhotoRec.